Karakana haina mteja

Januari 2024 dada yangu alinipigia simu saa tatu usiku, saa ambayo kwetu simu ya ndugu huwa ya msiba au ya ada. Haikuwa msiba. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya kidato cha kwanza katika shule iliyochaguliwa kuanza mkondo wa amali, naye akapangiwa fani ya umeme. "Kaka," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia kidogo, "huyu mtoto kakosea wapi?"

Nilicheka. Akakata simu. Siku mbili hakupokea simu zangu, na katika siku hizo mbili nikaanza kuona kwamba lile swali halikuwa la kuchekwa.

Chukua yale tuliyofundishwa shuleni kuhusu kazi ya mikono, dada yangu na mimi na huenda wewe pia. Umechelewa namba: kafyeke. Umepiga kelele: kadeki choo. Umetoroka: kang'oe kisiki. Mwanafunzi mwenye akili hakupewa jembe, alipewa chaki aandike ubaoni majina ya waliopiga kelele. Kwa miaka saba ya shule ya msingi tulisoma somo moja ambalo halikuwemo kwenye ratiba, nalo ni kwamba jembe ni la mkosaji. Mtoto aliyekulia humo anafika miaka 14 anaambiwa useremala, uashi na umeme ni heshima. Mzazi wake, aliyekulia humohumo, anauliza kosa ni lipi. Hilo ni swali la mwanafunzi aliyeelewa somo.

Na somo lenyewe ni la zamani kuliko fimbo za walimu wetu. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyogharimiwa na mfuko wa Marekani, ilizunguka Afrika Mashariki na kupendekeza elimu ya Mwafrika ijengwe juu ya kilimo, afya na kazi za mikono za kijijini kwake. Kwenye karatasi halikuwa pendekezo baya. Ila Waafrika walikuwa na macho. Waliona mshahara uko kwenye meza ya karani, na karani hakupatikana kwa kufundishwa kulima, kazi ambayo baba yake aliijua kabla mzungu hajafika. Mwaka 1965 mtafiti Philip Foster, aliyeichunguza Ghana, aliandika makala ambayo hadi leo inawakera wapanga mitaala. Alisema mzazi anayekimbilia shule ya vitabu hajalevywa na majivuno, anapiga hesabu. Shule ya vitabu ndiyo iliyompeleka mtoto kwenye kazi inayolipa, kwa hiyo kwa mzazi yule hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya ufundi. Ukitaka abadilishe shule, badilisha kwanza kinacholipa.

Dada yangu hajamsoma Foster. Hesabu yake ni hiyohiyo.

Mwalimu Nyerere alilijua hilo alipotoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha. Watu wengi wanaikumbuka kama amri ya shule kulima. Ukiisoma vizuri utaona alitaka jambo gumu zaidi: wanafunzi wapange wenyewe walime nini, waweke hesabu, waone faida na hasara, waamue mapato yatumikeje. Tulichofanya sisi ni kuchukua jembe na kuliacha daftari. Mimi nimelima shamba la shule miaka mingi. Sijawahi kuona mahindi yale yaliuzwa kwa nani, wala kwa bei gani. Baadaye likaja Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Ikaja michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Zikawepo shule za ufundi ambazo mainjinia wa umri wangu wanazitaja kama watu wanavyotaja ukoo: Ifunda, Moshi, Tanga, Iyunga, Bwiru, Musoma, Mtwara. Kisha uchumi ukayumba, vipuri vikakosekana, na mashine nyingi zikanyamaza.

Kwa hiyo Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Februari 2025, haikuingia kwenye shamba jipya. Shamba hili limelimwa mara kadhaa. Sera inasema elimu ya lazima iwe miaka 10, na mtoto akifika sekondari ya chini akute mikondo miwili: wa elimu ya jumla na wa amali. Aliye kwenye amali anaendelea na masomo ya darasani na juu yake anajifunza fani, ili amalize na cheti cha kidato cha nne mkono mmoja na cheti cha ufundi mkono wa pili. Walioanza Januari 2024 watafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2027. Neno lenyewe, amali, ni kama tumeliazima kwa ndugu zetu wa Zanzibar, ambako Mamlaka ya Mafunzo ya Amali na vituo vyake vya Mkokotoni, Mwanakwerekwe na Vitongoji vilikuwepo kitambo, huku sisi wa Bara tukisema ufundi stadi. Nalipenda neno hili. Ni kazi, lakini kwa watu wa dini pia ni tendo ambalo mtu ataulizwa.

Ataulizwa. Hapo ndipo ninapotaka kusimama.

Kila anayezungumzia amali siku hizi anazungumzia karakana. Shule fulani haina karakana. Nyingine inayo, haina mashine. Nyingine ina mashine, haina mwalimu. Yote ni kweli na yote yanahitaji fedha. Mimi ninachoogopa ni siku tutakapovipata vyote hivyo, tukanawa mikono tukidhani tumemaliza. Nilisoma shule yenye karakana nzuri. Tulikuwa na meza za useremala, jiliwa kila meza, randa za chuma zilizotoka Ulaya, na mwalimu aliyejua kazi yake. Kwa miaka minne nilijifunza kuunganisha mbao kwa ulimi na tundu. Mwalimu alipima kwa rula, akanusa gundi, akaandika 72 kwa penseli juu ya mbao. Ijumaa mbao zetu zote zilikwenda jikoni kwa mpishi. Wali wa Jumamosi uliivishwa na maksi zetu.

Katika miaka hiyo sikutengeneza kitu hata kimoja ambacho kuna mtu alikuwa anakihitaji.

Likizo ya kidato cha tatu mjomba wangu alinipeleka Keko, Dar es Salaam, kwa fundi seremala aliyekuwa anamdai mjomba pesa ya kabati. Nadhani nilikuwa sehemu ya malipo. Wiki ya kwanza nilifagia maranda na kushika ncha ya mbao wakati mwingine anakata. Wiki ya pili fundi akanipa mwanya: kuna mama wa Temeke anataka mlango, nenda kapime. Nilikwenda na futi yangu kwa maringo ya mwanafunzi wa ufundi. Nikapima upana wa fremu juu, nikapima urefu, nikaandika. Tukautengeneza kwa mninga, mlango mzuri, nikausugua msasa mpaka ukang'aa. Tulipoufikisha haukufunga. Juu uliingia, chini ukagoma. Fremu ilikuwa imepinda, na mimi sikupima chini wala sikupima kona kwa kona, kwa sababu shuleni kila kitu tulichopimia kilikuwa kimenyooka.

Nilitegemea matusi. Fundi alisema neno moja: "Beba." Tukaurudisha kwenye mkokoteni. Kesho yake kulikuwa na kazi nyingine ya haraka, kwa hiyo tulirudi Temeke siku ya pili yake. Yule mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, nyuma yake khanga imetundikwa kwa misumari. Akanitazama, hakumtazama fundi. "Mwanangu, nimelala na mlango wa khanga siku mbili." Nikapiga randa pale uani, yeye akiangalia, watoto wa jirani wakiangalia, jasho likinitoka mahali nisipopajua. Ulipofunga, fundi akatoa noti mfukoni, sehemu ya pesa aliyokwisha kupokea, akanipa mimi nimrudishie mama kwa mkono wangu.

Sijawahi tena kupima kitu mahali pamoja. Hata leo, na kazi yangu ni ya kalamu, sentensi naipima kona kwa kona.

Mwalimu wangu hakuwa mbaya kuliko fundi wa Keko. Alijua zaidi, kwa kweli, na angeweza kueleza kwa nini mbao mbichi hujikunja wakati fundi alikuwa anajua tu kwamba hujikunja. Alichokosa hakikuwa kwenye uwezo wake kunipa. Alikosa mama wa Temeke. Karakana ya shule inafundisha namna kitu kinavyotengenezwa. Mteja anafundisha kitu ni cha nini, kinatakiwa lini, kwa bei gani, na nani atalala na khanga ukikosea. Hayo ni nusu ya ufundi, na ndiyo nusu ambayo waajiri wanalalamika haipo kwa vijana wetu.

Lugha yetu ilikuwa imeyaweka haya pamoja kabla sisi hatujayatenganisha. Fundi, kufundisha, mafunzo, mwanafunzi: maneno haya ni ya tumbo moja. Neno shule tulilichukua kwa Wajerumani, pamoja na kuta zake. Mwanafunzi tulikuwa naye, na mahali pake palikuwa karibu na fundi. Kijana wa jahazi, wa cherehani, wa kuchonga mlango wa Lamu au Unguja, alijifunza akiwa amezungukwa na watu wanaosubiri kazi iishe. Sisemi turudi huko. Kijana yule mara nyingi alitumikishwa miaka mingi bure, na elimu yake ilikoma pale elimu ya fundi wake ilipokoma. Ninasema tulipojenga shule tulimwacha fundi nje ya geti, na hata leo, katika shule iliyobandikwa jina la amali, bado yuko nje ya geti.

Utaniambia lipo la kwenda fildi. Naam, lipo, na nimeliona.

Kijana wa jirani yangu, wa chuo cha ufundi, fani ya magari, alipelekwa wiki nane kwenye kampuni yenye yadi kubwa na vyoo vya marumaru. Kampuni nisiyoitaja. Siku ya kwanza alipewa kitambulisho na koti la kuakisi mwanga. Tangu hapo alijifunza nani anakunywa chai ya rangi, nani ya maziwa, na nani hali chapati kwa sababu ya sukari. Gari alilogusa lilikuwa la bosi, na aliligusa kwa sponji. Kitabu chake cha kumbukumbu za kazi, ambacho kilitakiwa kuandikwa na kusainiwa kila siku, kilisainiwa mchana wa siku ya mwisho: saini 40, kalamu moja, dakika kumi. Mwalimu wa kumkagua alikuja mara moja, akapiga picha, akaondoka na nauli yake. Kijana alifaulu vizuri sana.

Mtu wa kulaumiwa hapo ni nani? Nimejaribu kumtafuta nimemkosa. Meneja wa yadi hana sababu ya kumwachia kijana wa wiki nane injini ya mteja. Akiharibu, nani alipe? Akivunjika kidole, nani ajibu? Na akijifunza vizuri, anaondoka. Mwalimu ana wanafunzi 60 waliotawanyika mikoa mitatu. Kijana anataka saini. Kila mmoja amefanya kilicho na maana kwake, na matokeo yake ni chai.

Sasa mpeleke mwanafunzi wa kidato cha tatu kwenye mfumo huo huo. Ana miaka 16. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, inaruhusu kazi nyepesi tu kuanzia hapo, na inakataza aliye chini ya 18 kuwekwa kwenye kazi hatarishi. Ni sheria nzuri na sitaki iguswe. Lakini mwenye karakana anayeisoma juu juu ataona njia salama kuliko zote ni kumpa mtoto ufagio. Na mwenye karakana asiyeisoma kabisa atampa mashine ya kuchomelea bila miwani. Tunahitaji mtu wa katikati, fundi anayejua mtoto huyu leo aguse nini na asiguse nini. Fundi huyo hatokei kwa bahati. Anaandaliwa, na analipwa.

Hapa Wajerumani, ambao kila semina ya ufundi nchini hutajwa kabla ya chai ya saa nne, wana jambo moja linalostahili kusikilizwa. Wengi wanajua kwamba kijana wao anaingia mkataba na mwajiri, anakaa kazini siku tatu au nne kwa wiki, siku moja au mbili anakwenda shule, kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu, na mwajiri anamlipa. Sheria iliyouweka mfumo huo sawa kwa nchi nzima ni ya 1969. Lisilosemwa sana ni kwamba kule fundi anayetaka kufundisha kijana lazima kwanza apimwe yeye mwenyewe kama anaweza kufundisha. Kuwa hodari wa kuchomelea hakutoshi. Aoneshe anajua kupanga kazi ya mwanafunzi na kumrekebisha. Sisi hatuna viwanda vyao, na tukinakili mfumo mzima tutapata vibao vya milangoni tu. Lakini hilo moja tunaliweza kesho asubuhi.

Tunaliweza kwa sababu tayari tunawapima mafundi wa mitaani. VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya 1994, kwa miaka kadhaa sasa imekuwa ikiwatambua watu waliojifunzia kazini: fundi aliyekaa gereji miaka 20 bila karatasi anapimwa anavyofanya kazi, anajaziwa mapengo, anapewa cheti. Ni moja ya mambo mazuri yaliyofanywa kimyakimya nchi hii. Ongeza juu ya cheti hicho hatua moja: fundi anayetaka, afundishwe wiki mbili namna ya kulea mwanagenzi, apimwe, abandike kibao ukutani kwamba hapa pamepita mwanafunzi wa amali. Kibao hicho kitamletea na wateja. Mafundi wanapenda vibao kuliko tunavyodhani.

Na pesa? Ipo, inapita mlango mwingine. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Waajiri wanailalamikia kila bajeti, na sehemu ya malalamiko yao ni ya haki, kwa kuwa si yote inayorudi kwenye mafunzo ya ufundi. Fundi wa Keko mwenye vijana watatu hailipi tozo hiyo, na wala haimfikii, ingawa ukimuuliza atakuhesabia vijana aliowatoa mikononi mwake ambao sasa wana maduka yao. Kipande cha tozo hiyo kikilipa posho ya fundi anayefundisha, bima ya mwanafunzi, na ubao au waya atakaouharibu, lile swali la meneja wa yadi, akiharibu nani alipe, litakuwa limepata jibu.

Jambo jingine ni muda, na hapa najua nitagombana na waratibu wa ratiba. Wiki nane mfululizo ni mpango wa kumfurahisha mkaguzi. Kazi mbaya haionekani wiki ile ile. Mlango wa mninga mbichi unagoma masika yakija. Soketi iliyofungwa vibaya inanuka baada ya mwezi. Bomba lililofungwa bila nyuzi za kutosha linasubiri maji yarudi yenye nguvu saa nane usiku. Mwanafunzi wa wiki nane haoni kazi yake ikirudishwa. Mwanafunzi anayekwenda kwa fundi huyo huyo siku moja kwa wiki, Ijumaa tuseme, mwaka mzima, ataiona, na ataona fundi anavyompokea mteja aliyekunja uso. Hakuna mtaala unaoweza kuandika somo hilo.

Shule yenyewe pia inaweza kuwa mteja, na hili linanisumbua zaidi kwa sababu halihitaji sera. Mwaka 2016 nchi nzima ilihangaikia madawati. Wakuu wa mikoa walichangisha, kampuni zikapiga picha na hundi kubwa za maboksi. Shule yenye fani ya useremala isiyotengeneza viti vyake, au yenye fani ya umeme inayomwita fundi wa nje kubadilisha taa ya bwenini, inamwambia mtoto ukweli kuhusu imani yake kwa amali. Mwachie kidato cha tatu bwalo la shule: wapime, wakadirie, wanunue, wafunge, na wakikosea wale gizani wiki moja. Daftari la Mwalimu Nyerere lingerudi kwa mlango huo. Na walimu wetu wangepata zoezi, maana si haki kumtaka mtu afundishe biashara ya viti ilhali mwenyewe hajawahi kuuza hata kigoda.

Kenya walijaribu kabla yetu. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliingiza useremala, uashi, sayansi kimu na kilimo hadi shule za msingi. Wazazi walichanga kujenga karakana. Lakini mtihani wa taifa wa darasa la nane ukabaki wa karatasi, na mtoto akaulizwa kwa penseli kitu ambacho kilitakiwa kuulizwa kwa nyundo. Watu wa rika langu kule watakuchekesha na hadithi za vikapu vilivyonunuliwa sokoni vikapelekwa shuleni kama kazi ya mikono ya mtoto. Masomo hayo yakapunguzwa, kisha yakapunguzwa tena. Kinachopimwa ndicho kinachofundishwa. Kama mwaka 2027 watoto wetu wa umeme watapata alama nyingi zaidi kwa kuchora sakiti kuliko kwa kuifunga ikawaka, basi tutakuwa tumejenga sekondari ya kawaida yenye ghala la waya.

Kuna pingamizi moja ambalo sina jibu lake kamili, na sitajifanya ninalo. Mkondo wa amali unaweza kugeuka kapu la watoto wa wasio na uwezo. Angalia miaka mitano ijayo watoto wa wakurugenzi wako mkondo gani, utajua. Foster angesema hakuna hotuba itakayowashawishi, ila malipo. Ninachoweza kusema ni kwamba malipo yameanza kusogea bila kutungoja: jaribu kumpata fundi mzuri wa kiyoyozi Dar es Salaam mwezi Desemba, halafu uniambie nani kati yenu wawili anamsubiri mwenzake. Lakini fundi huyo hajapata fedha kwa sababu ya karakana. Amepata kwa sababu anajua kupokea simu, kufika saa aliyosema, kukadiria bila kuumiza, na kurudi kurekebisha.

Desemba iliyopita mpwa wangu alimaliza kidato cha pili. Shule yake ina mwalimu mmoja wa umeme na ubao wa mazoezi wenye swichi zilizochoka kwa kufunguliwa na kufungwa. Nilimwendea fundi aliyefunga umeme wa nyumba yangu nikamwomba amchukue likizo nzima, siku mbili kwa wiki. Alikuna kichwa. Akauliza kwanza kama ni mtoto wa kike kweli, kisha akauliza kama mama yake ameridhia. Nikamwambia mama yake nitamshughulikia mimi. Tuliandikiana masharti kwenye karatasi ya daftari: hagusi kitu kabla swichi kuu haijazimwa na fundi mwenyewe, hapandi darini, viatu vya raba, na mimi nitalipa kitakachoharibika. Wiki ya kwanza aliharibu testa. Wiki ya pili mteja mmoja alimuuliza fundi huyu binti ni mkewe au ni nani, na fundi akajibu, "Huyu ni fundi, ila bado mdogo." Dada yangu aliposimuliwa hilo alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama fundi yule ana familia na ni mtu wa wapi. Nikalichukua hilo kama maendeleo.

Siku chache kabla ya shule kufunguliwa simu yangu ililia saa kumi jioni. Ni yeye.

"Mjomba, kubadilisha soketi tatu na kuvuta waya mita nane, bei gani?"

"Muulize fundi."

"Fundi yuko hapa. Amesema nipange mwenyewe, mteja anasubiri sebuleni."

Nikamuuliza waya ameupima wapi na wapi.